Plus tatu, minus tatu

Baba mdogo aliuza miwani kando ya soko la Kenya, hapa Lubumbashi, na alitambua namba ya lenzi bila mashine. Huchukua lenzi asiyoijua, huibandika kwenye anayoijua ya alama kinyume (plus hukusanya mwanga, minus huutawanya), kisha hutazama nguzo ya umeme akizitikisa zote mbili. Nguzo isipocheza, namba zimelingana.

Kiangazi cha 2016 nilikuwa mwanafunzi wa fizikia. Habari zikafika kwamba mashine ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ile pete ya kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa inayogonganisha protoni, chembe za kiini cha atomu, imefikia kasi ya migongano iliyosanifiwa, tena kwa makundi ya protoni pungufu ya yale 2808 yaliyopangwa. Nikamweleza kwamba siri mojawapo ni lenzi. Lenzi zenyewe ni sumaku za ncha nne, na zina ukorofi wake: ikibana mkondo wa protoni kushoto na kulia, inautanua juu na chini. Ndiyo maana hupangwa kwa kupokezana.

Akanicheka. "Mwana, plus tatu na minus tatu si inabaki kioo cha dirisha?"

Kwa mtu wa kazi yake, pingamizi lilikuwa halali kabisa. Nikazichukua hizo mbili, nikazibandika juani: kwenye katoni, mwanga ulipita kama ulivyokuja. Kisha nikaziachanisha kama shibiri moja. Mwanga ukaanza kujikusanya mpaka ukawa doa dogo. Akaninyang'anya, akatanguliza minus. Doa likasogea mbali, lakini likapatikana. Mwale uliokwisha kubanwa hufika kwenye lenzi ya kutanua ukiwa karibu na katikati, ambako lenzi haina nguvu sana. Uliotanuliwa kwanza hufika pembeni mwa lenzi ya kubana, ambako hupindwa zaidi. Kwa vyovyote vile, kubana hushinda.

"Basi si wabane mpaka mwisho?"

Swali hilo ndilo la wahandisi wenyewe. Kipimo chao cha kubana huitwa beta. Kikiwa kidogo, mkondo ni mwembamba zaidi pale protoni zinapogongana. Usanifu ulisema sentimeta 55, mwaka ule wakashuka hadi 40. Lakini kadiri unavyoubana pale, ndivyo unavyovimba ndani ya sumaku za mwisho kabla ya pale, na bomba lake lina ukuta. Sumaku hizo hufanya kazi kwenye baridi ya nyuzi -271. Protoni chache zikigusa ukuta, joto linatosha kuiharibia sumaku kazi.

"Kumbe fremu ndiyo inawabana," akasema.

Mwaka 2018 walifika 25. Nilimpigia simu, naye akauliza kama wamebadilisha fremu. Nikamwambia hapana: sumaku za mwisho ni zilezile, wamepanga upya nguvu za sumaku nyingine za pete.

"Hao wana fundi," akasema, akarudi kwa mteja wake.