Uliza kwanza mzigo unashushwa wapi

Gereji yetu iko Bweyogerere, barabara ya Jinja nchini Uganda, na wateja wengi ni malori yanayopanda kutoka Mombasa kupitia mpaka wa Malaba. Ndiyo sababu stoo yangu huendeshwa kwa Kiswahili ingawa tuko Buganda. Lori likiingia hutaka oili, filta, betri. Vipya vinatoka stoo, vilivyochoka vinarudi kwangu: oili chafu kwenye mapipa ya lita 200, betri zilizokufa juu ya paleti, matambara ya mafundi kwenye pipa lenye kifuniko.

Kuviondoa si kazi. Siku yoyote atatokea kijana na pikapu, atapima betri kwa kilo, atalipa taslimu, ataondoka. Oili nayo ina wanunuzi. Wengine huipaka nguzo na mbao kuzuia mchwa, wengine huichomea tanuru. Sasa jaribu kumwambia mwenye gereji, ambaye sote twamwita Hajji, kwamba wataka kumlipa mtu achukue kitu ambacho mwingine anakinunua. Alinitazama kama malaria imenipanda kichwani.

Nikamwambia, Hajji, yule kijana hanunui betri, ananunua risasi, ile metali nzito iliyo ndani yake. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Asidi haina mnunuzi, kwa hiyo humwagwa palipo karibu, na kwetu palipo karibu ni mtaro unaoteremkia kinamasi cha Namanve. Risasi yenyewe huyeyushwa uani kwa watu, watoto wakiwa hapo hapo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Yote hayo aliyasikiliza huku akichezea simu. Nilipofika kwenye Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, na kanuni za taka za 2020, kwamba anayechafua ndiye anayelipa, simu aliiweka mezani.

Watu wengi wakianza kutafuta msafirishaji wa taka hatari kama hizi huuliza nani ana lori. Mimi nilianzia upande wa pili: nani ana ruhusa ya kuipokea taka hii na kuishughulikia? NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, ndiyo inayotoa leseni, na leseni ya kusafirisha si leseni ya kuhifadhi, wala si ya kuteketeza au kusafisha. Kampuni inaweza kuwa halali kabisa barabarani na isiwe na mahali pa kushusha. Kwa hiyo niliulizia NEMA wanaopokea, nikawapigia simu, nikaomba niongee na mtu wa mzani. Si meneja. Mtu wa mzani anajua malori ya nani huingia getini. Kampuni iliyokuwa imenijia na vipeperushi vya kung'aa, ikitaja mahali pale pale, mtu wa mzani hakuwahi kuisikia.

Nyingine ilileta cheti kizuri mno, muhuri, saini, NEMA juu kwa herufi kubwa. Nikateremka hadi anwani: Nairobi. Kenya nao wana NEMA yao, herufi zile zile nne, na nguvu ya cheti chao inaishia mpakani. Dereva mmoja wa Mombasa aliposikia mjadala akaniambia, "Mama wa stoo, mimi narudi tupu, nipakie betri zako tumalize." Nikamweleza kwamba taka hatari haivuki mpaka kwa hisani ya dereva. Kuna Mkataba wa Basel wa 1989, na Uganda na Kenya zote zimo. Nchi inayopokea lazima ikubali kwa maandishi kabla mzigo haujang'oka. Akacheka, akaomba basi nimpe chai.

Leseni yenyewe isome polepole. Jina lilingane na usajili wa URSB, ofisi inayosajili kampuni, maana mtu anaweza kukuonyesha leseni ya shemeji yake. Tarehe iwe haijapita. Kisha aina ya taka: wapo walioruhusiwa kubeba taka za hospitali tu, mifuko ya njano na myekundu, na hao asidi haiwahusu.

Halafu nenda yadi. Walioniambia "usisumbuke dada, tutakuletea gari ulione" niliwaacha hapo hapo. Kwenye yadi ya kwanza nilipanda juu ya lori. Pembeni mwa sakafu palikuwa na ukoko mweupe na chuma kimeliwa hadi unaona ardhi. Nikamuuliza dereva, betri ikipasuka ukiwa Mukono utafanya nini? "Nitampigia bosi." Yadi ya pili, bosi hakuwepo, aliyenipokea ni tanboi, msaidizi wa dereva. Akafunua turubai: mfuko wa chokaa, mchanga, sepetu, glavu ndefu za mpira, mitungi ya kuzimia moto, na bango la daraja la 8 la mizigo hatari, lile lenye picha ya mkono unaoliwa na asidi. Akanieleza bila kuulizwa kwamba betri zangu nizisimamishe wima, vichwa nivifunike ili visigusane, na kati ya safu na safu niweke kadibodi. Kijana yule alistahili mshahara wa bosi wake.

Bei yao ilimuuma Hajji, sitaficha. Tulipatana hivi: mzigo unapimwa kwangu kabla ya kupakiwa, nusu ya malipo lori likitoka, nusu ikirudi karatasi yenye muhuri wa anayepokea na kilo zilizosomwa kwenye mzani wake. Kampuni moja kabla yao ilikataa sharti hilo, ikasema hakuna mteja mwingine anayewadai hivyo. Sawa, kwaherini.

Kinachonisumbua sasa ni gharama. Lori hutoza safari ile ile likijaa au likiwa nusu, nami siwezi kurundika betri stoo mwaka mzima ili lijae. Nimezungumza na majirani wenye gereji tuunganishe mzigo, kila mmoja na kilo zake na karatasi yake. Mmoja amekubali. Mwingine ameniambia atafikiria akishaiona risiti yangu ya mwisho, na Hajji hataki nimwonyeshe.