Tunavyoifufua nyumba baada ya masika

Masika yakikatika Dar es Salaam, kuta za nyumba husema zilichonywa tangu Machi. Rangi huvimba malengelenge chini ya madirisha, unga mweupe hujitokeza usawa wa goti, na nyuma ya kabati kuna madoa meusi yenye harufu ya uvundo. Mimi na mume wangu tunaishi Kigamboni, si mbali na bahari, katika nyumba ya vyumba vitatu ya matofali ya saruji iliyoezekwa kwa bati. Kazi ya kuifufua tunaianza katikati ya Juni, kipupwe kikiwa kimeshika, kusi inavuma na mvua imekwisha. Nitaeleza tunavyofanya kwa nyumba ya aina hii.

Kupaka rangi mwezi Mei, ukuta ukiwa bado umeshiba maji, ni kutupa fedha. Rangi ya maji ya kisasa ikikauka inakuwa kama ngozi ya plastiki. Maji yaliyo ndani ya tofali yanatafuta njia ya kutoka, yanaikuta ngozi hiyo, yanaisukuma, na ndani ya wiki chache rangi inabanduka vipande vizima. Kwa hiyo kabla ya kununua hata brashi tunapima unyevu. Tunachukua nailoni ngumu inayoona ndani, kipande cha sentimita 50 kwa 50, tunaibandika ukutani kwa utepe kingo zote nne pasipo upenyo, tunaiacha saa 48. Matone yakitokea upande ulioshikana na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa chumbani, tatizo ni hewa nzito ya chumba, na dawa yake ni madirisha na feni. Ikiwa kavu pande zote, ukuta uko tayari.

Palipo na maji ndani ya ukuta, tunatoka nje kuangalia yanaingilia wapi. Sehemu nne ndizo zinazotusumbua kila mwaka. Ya kwanza ni udongo uliopanda. Mvua, bustani na ufagiaji hulundika udongo kwenye msingi hadi unaipita nailoni nene iliyolazwa chini ya ukuta kuzuia unyevu, na hapo maji yanapanda kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Tunachimba mpaka udongo uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Ya pili ni saruji inayozunguka nyumba ikiwa imezama na kuelekeza maji ukutani. Lazima ishuke kuelekea nje angalau sentimita 2.5 kwa kila mita, na pima maji ya fundi inatosha kulihakikisha hilo. Ya tatu ni gata lililojaa majani au bomba la kushushia maji linalomwaga pembeni mwa msingi. Ya nne, ambayo wengi hawaioni, ni kizingiti cha chini cha dirisha: kikiwa bapa, au kikiinamia ndani, maji yanasimama na kunywewa na lipu. Ndiyo maana malengelenge mengi huwa chini ya madirisha. Tunakirekebisha kwa saruji kiinamie nje, na upande wa chini tunaacha mfereji mdogo ili tone lidondoke badala ya kutambaa ukutani.

Sasa ule unga mweupe. Mafundi husema ukuta unatoa chumvi, na ndivyo ilivyo: maji yameyeyusha chumvi iliyomo kwenye saruji, mchanga au udongo, yakaja nayo juu, yakakauka, yakaiacha. Kosa kubwa ni kuiosha kwa maji, kwa sababu inayeyuka na kurudi ndani, kisha inatoka tena. Tunaikwangua ikiwa kavu kwa brashi ngumu, tunaizoa na kuitupa mbali na nyumba, na tunarudia kila baada ya siku chache hadi ipungue kabisa. Kama lipu ilipigwa kwa mchanga wa ufukweni, hali ni nzito zaidi. Chumvi ya bahari hunyonya unyevu hata wa hewani, kwa hiyo ukuta utalowa siku yenye hewa nzito hata kama haijanyesha. Hapo hakuna rangi itakayosaidia, lipu hiyo itolewe.

Kujua lipu iliyokufa ni rahisi: gonga ukuta kwa mpini wa bisibisi, sentimita kumi kwa kumi. Palipo pazima panalia kwa sauti ngumu, palipoachia panalia kama debe tupu. Tunaweka alama kwa chaki, kisha tunabomoa kwa tindo na nyundo hadi kwenye tofali, tukivuka mwisho wa doa kwa sentimita 30 mpaka 50 kwenda juu, maana chumvi imefika mbali kuliko macho yanavyoona. Tofali tunaliacha wazi wiki tatu au nne, tukilipiga brashi kavu mara kwa mara, halafu tunalipima tena kwa nailoni.

Lipu mpya tunaichanganya karai moja la saruji kwa manne ya mchanga wa mto uliochekechwa na kuoshwa. Tofali lilowanishwe kidogo kwanza, la sivyo linanyonya maji ya lipu kabla haijashika, na lipu inapasuka nyufa ndogondogo. Tabaka moja lisizidi milimita 12 hivi, na palipo na shimo refu tunapiga mara mbili, siku tofauti. Tunamwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Kisha tunangoja siku 28 kabla ya rangi. Saruji changa ina ukali unaokula rangi na kuifanya ififie kwa mabaka, na ndiyo sababu ukarabati wa lipu tunauanza Juni, rangi ikafuata Agosti.

Yote haya ni kwa nyumba za saruji. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, zina tabia nyingine kabisa. Kuta zile nene zimejengwa ziwe zinapumua, na ukizipiga lipu ya saruji au rangi ya plastiki unafungia maji ndani mpaka chokaa inalegea. Zile hupakwa chokaa, mikono (yaani tabaka) mitatu hadi mitano myepesi, juu ya ukuta uliolowanishwa. Naona uchungu kila nikiona ukuta wa zamani namna ile umevalishwa rangi ya kung'aa.

Ukungu mweusi tunaushughulikia tofauti na chumvi, maana huu ni kiumbe hai na ukiupaka rangi juu unaendelea kuota. Sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu tatu za maji, tunapaka kwa sponji, tunaacha dakika 15, tunasugua, tunasuuza, tunaacha pakauke siku mbili. Glavu, madirisha wazi, na dawa hiyo isikutane kamwe na siki wala dawa ya chooni yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Rangi ya zamani nayo ipimwe kabla ya kuiamini. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na vumbi kama la chaki, rangi mpya itashika vumbi, haitashika ukuta. Kisha chora alama ya X kwa wembe, bandika utepe wa karatasi juu yake, uuvute kwa ghafla. Ukitoka na rangi, eneo lote likwanguliwe kwa skrepa. Kwenye milango na fremu zenye rangi ya mafuta ya miaka mingi tunasugua kwa msasa wa maji, ukuta au mbao ikiwa imelowa, kwa kuwa rangi za zamani za mafuta huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto. Maji yale machafu na mabaki tunayafunga kwenye mfuko, hatuyamwagi bustanini.

Nyufa nyembamba kama unywele zinajazwa kwa skimingi, yaani unga laini wa kusawazishia ukuta. Zinazoingiza ukucha tunazipanua kwa pembe ya skrepa ziwe na umbo la V, tunafuta vumbi, tunalowanisha, tunajaza mara mbili. Ufa unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha tunauwekea alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake. Ukirefuka ndani ya miezi miwili, tatizo liko kwenye msingi au lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) na aitwe fundi mjenzi. Kuujaza tu ni kuuficha.

Kwa skimingi, ile ya jipsamu ni ya ndani pekee, tena vyumba vikavu. Ikipata maji inalainika kama biskuti. Nje, jikoni na bafuni tunatumia ya saruji nyeupe. Unga unamiminwa kwenye maji, si maji kwenye unga, ili usipate madonge, na tunachanganya kiasi cha kutumika ndani ya nusu saa. Tunapiga mikono miwili myembamba, kila mmoja kama unene wa milimita moja. Mkono mmoja mnene hupasuka na kuchukua muda mrefu kukauka. Tunasugua kwa msasa namba 120 kisha 220, tukiwa tumelaza taa ukutani ili mwanga upite kwa pembeni na mabonde yajionyeshe. Halafu tunafuta vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu. Hatua hii ya dakika kumi ndiyo inayorukwa zaidi, na rangi nyingi zinazobanduka mapema zimebandukia kwenye vumbi la msasa.

Hesabu ya rangi tunaifanya kwa chumba. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.8. Mzunguko ni mita 15, mara 2.8 ni mita 42 za mraba. Toa mlango na dirisha moja, zinabaki kama 38. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 7.6, yaani kopo mbili za lita 4. Praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kuhimili ukali wa saruji inahitajika mkono mmoja, kopo moja. Ukuta wa nje wenye lipu ya kukwaruza hunywa zaidi, tunahesabu mita 6 hadi 8 kwa lita. Makopo yote ya chumba kimoja tunayamimina kwenye ndoo moja na kukoroga pamoja, maana hata rangi ya namba moja iliyochanganywa siku mbili tofauti hutofautiana, na mpaka wake unaonekana katikati ya ukuta.

Kuchagua rangi kulikuwa kunatuchelewesha. Sasa tunapaka vipande vya hadibodi vya sentimita 60 kwa 60, mikono miwili, tunavihamisha kutoka ukuta hadi ukuta asubuhi, adhuhuri na usiku kwa mwanga wa taa za chumba hichohicho. Taa nyeupe ya kelvini 6500 huifanya rangi ya maziwa ionekane ya kijivu, ya kelvini 3000 huipa joto. Kila mmoja wetu ana haki ya kukataa kipande kimoja bila kutoa sababu. Kinachobaki ndicho.

Upakaji tunaanza dari, kisha kuta, mwisho milango na fremu. Hapa ndipo faida ya kuwa wawili inapoonekana. Mmoja anakata kingo kwa brashi ya inchi mbili, upana wa sentimita 5 au 6 kwenye pembe na mzunguko wa dari, na mwenzake anamfuata na rola wakati kingo bado mbichi. Anayekata asitangulie zaidi ya mita moja na nusu. Mtu akikata chumba kizima kwanza, kingo zinakauka, na rola ikija juu yake inaacha fremu inayoonekana kuzunguka kila ukuta. Mkono wa kwanza kwenye skimingi mpya tunauongezea maji asilimia 10. Rola inapigwa kwa umbo la W kisha inalainishwa kutoka juu kwenda chini, bila kuikandamiza. Feni izimwe, inakausha kingo haraka mno. Mkono wa pili tunaupiga baada ya saa nne, au sita ikiwa hewa ni nzito, na utepe wa kingo tunauvua rangi ikiwa bado mbichi kidogo ili isichanike nao.

Grili za madirisha kwa sisi wa karibu na bahari zinataka siku yake. Tunaziosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zikauke, tunakwangua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, na praima nyekundu ya kuzuia kutu inapakwa siku hiyohiyo, kwa kuwa chuma kilichoachwa uchi usiku mmoja Kigamboni kinaamka na kutu mpya. Kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta, msasa mwepesi katikati.

Samani tunazirudisha siku ya pili, zikiwa mbali na ukuta kwa sentimita 5 hadi 10 hewa ipite. Ukuta haufutwi kwa maji kwa wiki mbili za mwanzo, hata kama unaonekana mkavu. Rangi iliyobaki tunaijaza kwenye chupa ya kioo hadi mdomoni, tunaandika chumba, namba ya rangi na tarehe, na tunaihifadhi mahali penye kivuli.