Siku ya 29: moyo umeonekana

Umeonekana! Leo Alhamisi, saa moja asubuhi, Machame, ndani ya banda la bibi mmoja mwenye ng'ombe wa Friziani, nimeuona kwenye skrini ya ultrasaundi moyo wa ndama aliye tumboni ukipiga. Siku 29 tangu nimpandishe ng'ombe huyo kwa chupa. Kijusi chenyewe sentimita moja hivi, kama harage, kimelala kwenye weusi wa maji, na katikati kuna nukta inayopepesa bila kupumzika. Kwa furaha nikasahau hata kuhifadhi picha.

Wiki tatu za mwanzo nilijuta kununua hii ultrasaundi. Kila nikiingiza probu (kile kichwa cha mashine kinachopita njia ya haja kubwa) naona mistari ya kijivu iliyopangana kama ngazi. Nikaongeza mwanga, nikabadili kina, nikashuka megahezi 7.5 hadi 5, nikamlaani kimoyomoyo aliyeniuzia. Kumbe ni hewa. Kinyesi nilikuwa nakitoa vizuri tu, ila probu nilikuwa naivisha glovu kavu ndani, jeli naipaka nje! Siku hizi namimina jeli ndani ya kidole cha glovu kwanza, nasukuma probu hadi viputo vyote vipande juu, nafunga na mpira. Ngazi zikatoweka siku hiyohiyo.

Likaja la weusi. Maji yote ni meusi kwenye skrini: mimba, kibofu, mshipa mkubwa, ute wa joto (ng'ombe anapotaka dume), wakati mwingine hata usaha. Ng'ombe huyuhuyu, awamu iliyopita, siku ya 26, nilimtangazia bibi kwa mbwembwe kwamba ana mimba. Wiki mbili baadaye kalia usiku kucha, ute unaning'inia. Nilikuwa nimepima kibofu.

"Dokta," bibi akasema, "kwa hiyo ile televisheni yako ilituonyesha mkojo?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo naanza na kibofu makusudi, nakitambua, nakiacha, nashika shingo ya kizazi, kisha nafuata pembe zote mbili hadi ncha. Pembe hujikunja, na hapo ndipo mimba changa inapojificha. Natafuta na gimba la njano, kile kivimbe kinachotunza mimba, kwenye ovari ya upande uleule. Nisipouona moyo naandika "rudia", siandiki "tupu", maana ukikosea hapo ukachoma prostaglandini, dawa ya kumrudisha kwenye joto, umeitoa mimba kwa mkono wako mwenyewe.

Kuhusu ule mpini wa plastiki wa kuingizia probu bila kuingiza mkono: sitaki kuusikia. Najua unaokoa bega, lakini vidole vyangu ndivyo vinavyoniambia niko wapi. Miwani yenye skrini ndani yake, hiyo naitamani. Bandani kuna giza zuri, ila nikipima nje jua linanionyesha uso wangu tu.

Nilipanga mwezi huu nilinganishe ng'ombe wote na kipimo cha mkono siku ya 45. Nimeahirisha, nimepata wazimu mwingine: jinsia. Kuanzia siku ya 55 hivi kile kinundu cha uzazi, kitakachokuja kuwa kiungo cha uzazi cha ndama, huwa kimeshahama, kwa dume kinasogea nyuma ya kitovu, kwa jike chini ya mkia. Siku ya 60 lazima nirudi kwa bibi hata hivyo, mimba changa huweza kupotea. Inaangukia Jumapili. Kaniambia nije baada ya ibada, na kwamba yeye anataka jike.