Jeneza Linalorudi

Mzee wa mashine ya kusaga alifariki saa nane usiku. Saa nane mchana tulikuwa tumeshatoka makaburini, na mwanawe aliyepanda basi alfajiri kutoka Mwanza alikuwa bado Singida.

Nilikasirika, nakiri. Mimi Mgogo na Mkatoliki. Baba yangu alilala mochwari siku tano akiwangoja shangazi zangu, na hakuna aliyeona ajabu. Nikamnong'oneza jirani yangu ustadhi, "Mngemngoja kijana." Akasema, "Jirani, kumsitiri mapema ndiyo heshima yake."

Tulichimba kwa zamu. Udongo wa huku Chang'ombe, Dodoma, wakati wa kiangazi unalirudisha jembe, ikabidi sururu. Chini, upande wa kibla, wakachonga mwanandani, shimo dogo la ubavuni mwa kaburi, mzee akaingizwa na sanda yake tu, akalazwa ubavu wa kulia. Jeneza likabaki juu, tupu. Vijana wawili wakalibeba kulirudisha msikitini, limngoje mwingine. Nikakumbuka la baba: vanishi, kidirisha cha kioo, vikao viwili vya michango (na mpaka leo sijui nani alidai vile vishikio vya rangi ya dhahabu).

Wanaosema dini zote ni moja, nina shaka kama wameshawahi kuzika na watu wa dini nyingine. Mimi naungoja ufufuko kwa sababu ya Kristo aliyekufa msalabani. Ustadhi naye anaungoja, ila Kurani yake inasema Isa hakusulubiwa. Hapo mmoja wetu amekosea, na chai ya pamoja haiondoi hilo. Mwenye duka la vipuri, Mhindu, alisimama nasi kaburini. Kwao maiti huchomwa, roho ikavaa mwili mwingine, na tumaini lao ni kutoka siku moja katika mzunguko huo. Wabudha nao wanafundisha kuzaliwa tena, lakini wanakana kwamba kuna nafsi ya kudumu. Bibi yangu kabla ya kubatizwa aliamini wafu hawaendi mbali: wanamwagiwa pombe kaburini na kuombwa mvua.

Basi ustadhi akachota udongo kwa mikono miwili, akamwaga mara tatu, akisoma Kiarabu. Nilimuuliza baadaye. Ni aya ya sura ya Twaha: kutokana na ardhi tumewaumba, humo tutawarudisha, na humo tutawatoa mara nyingine. Nikajishika paji la uso. Kila Jumatano ya Majivu padri hunipaka pale pale akinikumbusha kuwa mimi ni mavumbi na mavumbini nitarudi. Pale kaburini nilichota na mimi, nikamwaga mara tatu. Mwenye duka la vipuri alichota pia, akafuta viganja kwenye suruali yake nyeupe.

Mjane yuko eda, miezi 4 na siku 10. Mimi siingii, mke wangu ndiye anayepeleka uji.

Kijana alifika magharibi, vumbi mpaka kwenye kope. Baada ya kumwona mama yake akaja barazani kwangu, kwa sababu aliambiwa mimi nilikuwa ukingoni kabisa mwa shimo. Akaniuliza baba alilazwaje. Nikajaribu kueleza kwa mikono, haikutosha. Nikatandika mkeka, nikalala ubavu wa kulia, uso kaskazini, na yeye akachuchumaa akinitazama.