Mtani Aliyetusimamisha Mtoni

Baba mdogo katuma kwenye kundi la ukoo picha ya nguzo za daraja la Pangani. Hakuandika neno, kaweka alama za mshangao tu. Binti yangu akaichungulia begani kwangu, na mnajua maswali yake.

"Kwa hiyo nyie zamani mlikuwa mnaogelea?"

Nikamwambia kulikuwa na pantoni, na bado lipo.

"Na likiharibika?"

Mitumbwi.

"Na mtu akifa?"

Hapo nikamtuma akamalizie kazi zake za shule. Jibu ninalo, ila ni refu, na lina mambo ambayo mama yangu hapendi yasemwe mbele ya watoto.

Babu alifia hospitalini, upande wa mjini, mwanzoni mwa 1998, mvua za El Nino zikiwa bado hazijatuacha. Kwake kulikuwa ng'ambo, kusini mwa mto, ukishapanda kilima cha Bweni na kuingia kwenye mashamba ya mkonge ya Kikokwe. Pantoni lilikuwa limezima injini tangu juzi yake, na waliohusika nalo walikuwa wanatuambia "fundi yuko njiani". Njia yenyewe ya kutoka Tanga ilikuwa tope tupu. Fundi angekuja na nini?

Kitu cha kuelewa kuhusu babu ni kwamba hakuwa mtu wa Pangani, na watu hawakumwacha asahau. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, manamba, aliyeletwa na SILABU, ofisi iliyokuwa ikikusanya vibarua wa mkonge, enzi za Mwingereza kuja kukata mkonge kwa mkataba, akamaliza mkataba, akaweka mwingine, mwishowe akaoa na mkataba ukafa wenyewe. Alipenda kutuhadithia kwamba hata mkonge ni mgeni kama yeye. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, miche kama 1,000 hivi, ikafika ikiwa hai 62 tu, ikapandwa hapo hapo Kikokwe. Kutoka hiyo 62 nchi ikafika, mwaka 1964, kuvuna zaidi ya tani 200,000 na kuongoza dunia nzima. Halafu nailoni ikaja, bei ikaanguka, korona, zile mashine za kuchambua mkonge, zikanyamaza moja baada ya nyingine, na babu akabaki na panga lake na harufu ya majani ya mkonge yaliyooza ambayo haikutoka kwenye nguo zake hata kwa sabuni ya mche.

"Mimi na mkonge tulikuja wote bila kuulizwa," alikuwa akisema. "Tofauti ni kwamba mkonge haulipi kodi."

Sasa, Mnyamwezi anayeishi Uziguani ana balaa lake. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu. Babu alikuwa na mtani wake maalumu, bibi mmoja wa Bweni aliyekuwa akiuza vitumbua pale gatini. Sisi wajukuu tulimwita Bibi Mtani, hakuna aliyetumia jina lake. Babu hakuweza kuvuka mto bila kutukanwa, naye hakukubali kutukanwa bure. Bibi akimwita mbeba mizigo, babu anamwambia, "Ninyi mliomuuza Bushiri mna mdomo wa kusema?" Bushiri bin Salim, aliyewapiga Wajerumani mwaka 1888, alikimbilia bara, akashikwa, akaletwa kunyongwa hapo hapo mjini Pangani Desemba 1889. Kama kweli Wazigua walihusika au la, babu hakujali. Lilikuwa tusi zuri, na alilitumia kila msimu.

Basi mwili tukautoa hospitalini mchana, ili tufike, uoshwe, na tuzike kabla ya magharibi. Ulikuwa juu ya kitanda cha kamba, kile kile walichombebea kumpeleka hospitali, na kamba ilikuwa ya katani aliyosokota mwenyewe. Mashua tuliyopata ilikuwa ya wavuvi. Tuliingia baba, mama, shangazi zangu, baba mdogo, wapiga makasia, nahodha, na mimi niliyekaa omo nikishika mguu wa kitanda kana kwamba ningeweza kukizuia kisianguke. Wengine wakafuata na mitumbwi.

Nahodha alituweka gatini tukisubiri. Kwa kawaida bahari ikijaa inausukuma mto urudi nyuma, na hapo kuvuka ni rahisi. Lakini mwaka ule mto ulikuwa umebeba mvua yote ya kutoka Kilimanjaro na Meru, kilomita 500 za matope na magogo, na hata kwenye kujaa ulikuwa hautaki kurudi.

"Tunavuka maji yakisimama," alisema. "Yakianza kutoka mimi sivuki. Tutafika Unguja na maiti yetu."

Yakasimama. Tukasukuma. Na mashua ikiwa tayari inaelea, Bibi Mtani akaparamia, hajaitwa na mtu, na ndoo yake ya vitumbua na kata mkononi. Hakuna aliyemwambia kitu. Mtani kwenye msiba huwezi kumwambia shuka.

Tulipofika katikati hasa, alisimama. Mashua ikayumba, mama akashika ubao. Bibi akamfikia mpiga kasia wa mbele, akamnyang'anya kasia, akaliweka chini, akalikalia.

"Chombo kimesimama," akasema. "Huyu Mnyamwezi hajalipa."

Baba yangu, mnamjua, mtu wa ofisi, anayetafuta neno kwa dakika nzima kabla ya kulitoa. Tangu hospitalini alikuwa hajasema zaidi ya "haya" na "sawa". Akasema, "Bibi, sasa si wakati."

"Wakati gani mwingine? Kesho atakuwepo?"

Akamgeukia babu, akapiga kitanda kwa kiganja. "Alikuja huku na mzigo kichwani na vumbi la Tabora miguuni. Akala mihogo yetu, akanywa maji yetu, akaoa kwetu, hata thumuni ya ushuru hajatoa. Leo kabebwa yeye, anajifanya kalala! Amka, Mnyamwezi! Mwangaluka!"

Shangazi mkubwa aliingiza upindo wa khanga mdomoni. Mabega yalikuwa yanatikisika, na kwa nilipokaa sikuweza kujua ni kilio au kicheko. Baba akatoa noti ya mia tano. Bibi akaielekeza juani, akaigeuza.

"Hii ni ya mguu mmoja."

Baba akatoa nyingine.

"Na kichwa? Kichwa kilichonitukana miaka yote hiyo kinavuka bure?"

Nilikuwa nimechagua mnazi mmoja upande wa Bweni, nautazama ili nisitazame kitanda. Mnazi ukaanza kuhama. Ulikuwa umenikabili, sasa ulikuwa mkono wangu wa kulia, na unazidi kwenda. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mnazi haujatoka pale ulipo. Gogo likatupita upande wa tezi, taratibu, likielekea kule mlangoni ambako mto unakutana na bahari na mawimbi yalikuwa yanaonekana meupe. Maji yalikuwa yameanza kutoka.

"Bibi," nahodha akasema kwa adabu, "maji hayo."

"Nimeyaona. Nilizaliwa nayo."

Mama akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Baba mdogo akanyanyuka nusu, nadhani alitaka kulichukua kasia kwa nguvu, na baba akamkalisha kwa mkono mmoja. Halafu akamtazama Bibi. Alikuwa ameshakunja noti ya tatu kiganjani, nikaona anairudisha mfukoni.

"Ninyi mliomuuza Bushiri," akasema, polepole kama anavyosema kila kitu, "leo mnatuuzia nini? Maji ya Mungu?"

Kimya. Halafu Bibi Mtani akapiga kofi la mapaja, akacheka cheko lililosikika mpaka kwenye mitumbwi ya nyuma, akajibiwa huko na watu ambao hawakusikia hata kilichosemwa. Akalitoa kasia chini yake, akamrudishia mwenyewe. "Huyo kasema. Pigeni makasia, mnangoja nini? Mnataka kumzamisha mzee wa watu?"

Zile noti mbili alizifunga pembe ya khanga. Hakurudisha hata moja. Halafu akachukua kata, akainama miguuni kwa babu, akawa anakumba maji yaliyoingia chomboni, hakunyanyua kichwa mpaka tulipogota matopeni.

Hatukufika gatini Bweni. Tulipigwa chini kabisa, kwenye matope, na kitanda kilitolewa humo watu wakizama mpaka magotini. Yaliyofuata mnayajua kwa kuwa ni yale yale ya kila msiba: maji ya kuoshea, sanda, shimo, haraka ya jua. Tuliwahi. Matangani Bibi alivaa kofia ya babu, akachukua panga, akapita uani akiigiza anavyokata mkonge na kuhesabu majani ya tita moja, "ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini, ah, mgongo wangu", sauti ile ile, mpaka bibi yangu mwenyewe, mjane, akatoka ndani kwenda kuangalia.

Mama hajamsamehe. Anasema watu wote wale wangefia mtoni kwa ajili ya mzaha wa shilingi elfu moja, na angekuwa yeye angemsukuma. Baba hakuwahi kusema chochote kuhusu siku ile, ila kila Idi alikuwa akipeleka sukari Bweni, na kila Idi alirudi ametukanwa na amechangamka. Yule nahodha nilikutana naye miaka mingi baadaye gatini, nikamuuliza tulikuwa karibu kiasi gani na mlango wa bahari. Akashangaa. Alisema hatukuwa karibu hata kidogo, kwamba alikuwa na kasia lake la ziada chini ya miguu muda wote, na kwamba sisi damu ya bara tunaogopa mto. Nimeshindwa kuamua. Ule mnazi ulihama, hilo nina hakika.

Bibi Mtani naye akafa, baba akiwa ameshatangulia. Ukoo ukakaa: nani anakwenda kudai? Akatumwa baba mdogo, yule yule aliyetaka kunyang'anya kasia, mtu asiye na utani hata wa kuazima. Alikwenda Bweni, akafika jeneza linatolewa, akajilaza mlangoni kama alivyoelekezwa na wazee, akatangaza kwamba huyu Mzigua ana deni la noti mbili za mia tano pamoja na faida. Wajukuu wa marehemu, vijana wamekuja na koasta kutoka Dar es Salaam, wakamnyanyua kwa makwapa. Mmoja akamwambia, "Mzee, heshimu msiba wa watu." Wazee wawili watatu wakajaribu kueleza, lakini vijana walikuwa na ratiba, gari linasubiri, pantoni linaondoka.

Baadaye mmoja wa wale wazee alimfuata baba mdogo pembeni, akampa sahani mbili za pilau, moja juu ya nyingine, nyama zote zikiwa kwenye ile ya juu. Baba mdogo anasema huko ni kulipwa. Shangazi anasema pilau ya msibani kila mtu anapewa, haiwezi kuhesabiwa kuwa malipo, na hizo sahani mbili alipewa kwa sababu alionekana ana njaa. Wamebishana juu ya hilo mpaka juzi, kwenye kundi, chini ya picha ya nguzo za daraja.