Nilivyopanga matembezi ya ndege na miti Córdoba, nikiwa na shangazi

Magoti ya shangazi ndiyo yaliyoamua mengi. Alikuja Ulaya kunitembelea kutoka Tanga, akasema asingerudi bila kuuona msikiti wa kale wa Córdoba, mji wa Andalusia, kusini mwa Uhispania. Mimi nilikuwa nawaza ndege wa porini. Nikatafuta namna ya kuunganisha mawili haya bila kumchosha mama wa watu, tena bila kumlipa mtu wa kutuongoza, kwa kuwa matembezi ya makundi niliyoyaona yalikuwa ya majengo tu, na kwa mwendo wa mchakamchaka.

Jibu lilikuwa mtoni. Mto Guadalquivir unapita kando ya mji mkongwe, na kati ya Daraja la Kirumi na Daraja la San Rafael kuna visiwa vya tope, matete na miti. Panaitwa Sotos de la Albolafia, na tangu mwaka 2001 ni eneo la asili linalolindwa kisheria. Huna haja ya kuingia ndani. Kila kitu unakitazama kutoka darajani na ukingoni. Isitoshe, Daraja la Kirumi lilifungiwa magari mwaka 2004, kwa hiyo mtu mzima anaweza kusimama apendavyo bila kupigiwa honi.

Nilipakua ramani ya OpenStreetMap kwenye simu ili tusitegemee bando. Nikaingia eBird, ambako watazamaji wa ndege huandika walichokiona, nikaangalia eneo lile lina ndege gani mwezi wa Aprili. Niliandika wachache tu: yangeyange, mnandi, kwarara, mdiria. Orodha ndefu humfanya mtu atazame karatasi badala ya mto.

Kazi kubwa ilikuwa saa. Uhispania iko magharibi kabisa mwa Ulaya, lakini inafuata saa za Ulaya ya Kati, kwa hiyo jua lake na saa yake haviendi pamoja. Katikati ya Aprili, Córdoba jua linachomoza karibu saa mbili kasoro robo asubuhi, na linazama karibu saa tatu usiku. Shangazi alikuwa na ratiba ya swala kwenye simu yake. Nikaichungulia, nikaona kumbe ndiyo hasa niliyokuwa naihitaji. Adhuhuri inaingia saa nane na dakika ishirini hivi, maana yake jua liko juu kabisa wakati huo, si saa sita. Magharibi ndipo ndege wanaporudi kulala. Tukapanga siku kwa swala: baada ya alfajiri mpaka asubuhi tuwe mtoni, adhuhuri tuwe kivulini, alasiri tupumzike, magharibi turudi mtoni.

Halafu nikagundua jambo lililonifurahisha kuliko yote. Visiwa vile viko magharibi mwa Daraja la Kirumi na mashariki mwa lile la San Rafael. Asubuhi ukisimama kwenye la Kirumi, jua liko mgongoni, na ndege unawaona rangi zao. Jioni ukibaki palepale utaona vivuli vyeusi tu. Inabidi uhamie San Rafael. Mzunguko mzima, kutoka lango la Almodóvar, kupita vichochoro vya mtaa wa zamani wa Wayahudi, darajani, ukingo wa pili kwa barabara ya Fray Albino hadi San Rafael na kurudi, ni kama kilomita 4. Kwa magoti yale, tuliukata vipande viwili.

Asubuhi ile mnandi walikuwa juu ya magofu ya vinu vya maji, wametandaza mabawa kama nguo kambani. Kinu cha Albolafia kina gurudumu kubwa la mbao, ambalo ni la kuigiza la zamani. Inasimuliwa kwamba Malkia Isabel wa Uhispania ya karne ya 15, akikaa katika ngome ya jirani, aliamuru la awali liondolewe kwa sababu ya kelele zake. Shangazi alimtetea: "Mwanamke akitaka kulala, mwacheni alale."

Msikiti ulianza kujengwa mwaka 785 na kufanywa kanisa mwaka 1236. Nilimweleza mapema kwamba ndani Waislamu hawaruhusiwi kuswali, asije akavutana na mlinzi. Kuingia ni kwa tiketi, ila uani hulipi, na ua ndio uliotuweka muda mrefu. Miti imepangwa mistari, na kati ya shina na shina kuna vijifereji vya kuipeleka maji. Ilikuwa imechanua, harufu imejaa ua mzima. Shangazi akaokota tunda moja lililosahaulika chini, akalikwaruza ganda kwa ukucha, akanusa.

"Mwanangu, hili si danzi hili?"

"Ndilo, shangazi. Wameyapanda mji mzima."

"Na hakuna anayetia achari?"

Nikamwambia machungwa machungu ya Andalusia huuzwa Uingereza yakapikwe jamu. Hakuridhika.

Adhuhuri ilitukuta kwenye bakuli la salmorejo, supu nzito ya baridi ya nyanya na mkate. Kwetu sisi waliiweka bila nyama ya nguruwe. Yafaa kuomba hivyo unapoagiza, kwa kuwa kwa kawaida hunyunyiziwa vipande vyake juu.

Magharibi tukawa San Rafael. Yangeyange walifika makundi kwa makundi kutoka mashambani, wakagombea matawi kwa kelele ambazo Malkia Isabel asingezivumilia.

Anayekusudia kwenda Mei ajue kwamba ni mwezi wa shindano la nyua zenye maua: vyumba hupanda bei na vichochoro havipitiki. Julai na Agosti joto huvuka nyuzi 40, hivyo kipande cha mchana kifute kabisa. Bustani ya mimea iko ukingoni, mbele kidogo ya San Rafael, ila usiende Jumatatu, hufungwa.