Kumbukumbu ya mradi wa mawimbi: kugandisha wimbi, kuchora mistari

Mradi una sehemu mbili: picha za wimbi lililogandishwa wakati linavunjika, na picha za maji yanaporudi baharini yakichora mistari ya povu juu ya mchanga. Sehemu ya kwanza imetulia. Ya pili bado inasumbua.

Kugandisha

Lenzi ni ya milimita 70–200, na kamera ina sensa ya milimita 36 kwa 24 yenye pikseli 6,000 kwa upana. Shata (muda ambao kamera inaingiza mwanga) ya 1/500 ya sekunde ilitoa picha nyororo mno, kingo za maji zimeburutika, na hesabu inaonyesha kwa nini. Wimbi huvunjika pale kina cha maji kinapokaribia mara 1.3 ya kimo chake, na kasi yake hapo ni takriban kipeuo cha pili cha zao la 9.8 na kina. Kina cha mita 1.5 kinaleta karibu mita 3.8 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya 1/500 wimbi limeshasogea milimita 7 hadi 8. Lenzi ikiwa kwenye milimita 200 na wimbi likiwa umbali wa mita 40, fremu inachukua upana wa mita 7.2, yaani kila pikseli inabeba milimita 1.2. Wimbi linalokatiza fremu limeburuta pikseli 6! Kwa 1/2000 mburuto unashuka chini ya pikseli 2. Matone yanayorushwa yanaweza kwenda kasi kuliko wimbi lenyewe, hivyo 1/2000 ni kiwango cha chini, si cha juu. Wimbi linalokuja moja kwa moja kuelekea kamera linasamehe zaidi, 1/1000 inatosha.

Tundu la lenzi, linalopitisha mwanga, hubaki f/5.6 hadi f/8 (namba kubwa ni tundu dogo). Fokasi ielekezwe pale povu jeupe linapokutana na maji meusi. Ikiachwa ichague yenyewe hudakia matone ya mbele na kilele cha wimbi kinatoka na ukungu.

Kosa kubwa zaidi ni mwanga. Maji meusi yenye ukanda mwembamba wa povu huidanganya kamera iongeze mwanga, na povu linaungua: linabaki jeupe tupu, halina hata kiputo kimoja kinachoonekana. Fidia ya mwanga, yaani kuiamuru kamera ipunguze mwanga, ya −2/3 hadi −1 inaliokoa. Povu likijaa fremu nzima mambo yanageuka, kamera inalifanya la kijivu na fidia inabidi iwe ya kuongeza. Tatizo hili ni kongwe: katika miaka ya 1850 huko Ufaransa, mpiga picha Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili, moja ya anga na moja ya bahari, kwa sababu mwanga uliofaa bahari uliiunguza anga.

Mistari

Hapa shata ni kati ya 1/4 na sekunde 1. Maji yanayorudi kwa mita 1.5 kwa sekunde huchora mstari wa sentimita 75 kwa nusu sekunde, na huo ndio urefu unaopendeza zaidi kwa lenzi pana iliyowekwa chini. Kabla jua halijapanda, kichujio cha ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) cha stopu 3, kila stopu ikipunguza mwanga kwa nusu, kinageuza 1/15 kuwa nusu sekunde. Jua likishatoka, stopu 6.

Kichujio cha stopu 10 kimeondolewa kwenye mradi. Kinageuza 1/60 kuwa sekunde 17, na mawimbi yanayofika kila sekunde 12 yanaingia zaidi ya moja katika picha hiyo. Mistari ya wimbi la kwanza inafutwa na povu la pili, kinabaki kitu kama moshi. Wapo wanaopenda moshi huo, lakini hauonyeshi maji yanakwenda wapi.

Wakati wa kubonyeza ndio wenye uamuzi. Tazama ukingo wa povu unapopanda ufukweni: unapungua kasi, unasimama, mchanga nyuma yake unaanza kung'aa, kisha viputo vinarefuka kuelekea baharini. Bonyeza viputo vikianza kurefuka. Ukiwahi, povu linajirundika na kuwa doa. Kipima muda cha sekunde 2 hakifai kabisa hapa. Tumia waya wa kubonyezea.

Kasoro ambayo haijaisha ni stendi kuzama. Kila maji yanaporudi hukomba mchanga kuzunguka miguu na kuacha kishimo; mguu unashuka milimita chache katikati ya picha. Povu linaonekana sawa, ila jiwe lililo mbele limetoka mara mbili. Kuikandamiza miguu sentimita 10 hadi 15, kuitanua, na kuacha wimbi moja lipite kabla ya kupiga kumepunguza hasara. Nguzo ya kati iwe imeshushwa, mkanda wa kamera utolewe, na kituliza mtikisiko kizimwe.

Tone la chumvi kwenye lenzi lisifutwe kavu. Kitambaa kilicholowana kwa maji yasiyo na chumvi kwanza, kisha kikavu. Vinginevyo fuwele za chumvi zinakwaruza. Kwa f/16 tone moja ni duara la kijivu angani.

Maji

Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hufunua mchanga mpana wakati wa kupwa, na mistari inakuwa mirefu. Maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo kati ya bamvua mbili, hayafunui kiasi hicho. Saa za kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo kupwa kunakolingana na alfajiri ni kwa siku chache tu. Kabla ya kushuka na stendi, tazama bahari dakika 20, maana mawimbi makubwa huja kwa makundi, na usiipe mgongo. Juu ya mwamba, njia ya kurudi huzibwa na maji yanayojaa nyuma yako; ondoka mapema.

Kinachofuata ni kujaribu bamba pana chini ya kila mguu wa stendi, kwa shata ileile ya nusu sekunde, na kuhesabu ni picha ngapi kati ya 20 zinatoka na jiwe moja badala ya mawili.